Karagwe hadi Kyerwa: Milima, kahawa na sumaku ya kurusha mizigo angani

UKIMWAMBIA mtoto wa Kinondoni kwamba unakwenda Karagwe, atakuuliza kama umekata pasipoti. Simlaumu. Kule ni pembeni kabisa mwa ramani, pale Tanzania inapoishia na kuanza kupeana mkono na Uganda na Rwanda. Ukitoka Dar kwa basi unafika magoti yakiwa hayakumbuki tena kazi yake.

Mimi nilipitia Mwanza, nikavuka ziwa usiku hadi Bukoba, na asubuhi nikajibana kwenye Hiace ya Kayanga katikati ya mama mwenye mkungu wa ndizi na kijana mwenye jogoo. Pale Kyaka, karibu na daraja la mto Kagera ambalo majeshi ya Idi Amin yalililipua mwaka 1978, tukaiacha njia ya Mutukula na kushika ya Karagwe. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Lami inapanda, inajikunja, inapanda tena. Ziwa Victoria lenyewe liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Kayanga, makao makuu ya wilaya, umeshapita mita 1,500. Masikio yanaziba. Baridi inaingia ndani ya shati la Dar bila kupiga hodi.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kuandika habari za migomba, kahawa na senene, zile ambazo kila mwandishi huandika akifika Kagera. Nimerudi na habari za sumaku. Subiri kwanza, usifungue ukurasa mwingine.

Ilikuwa Omurushaka, mji mdogo wa njia panda wenye kelele kuliko ukubwa wake. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekizunguka kisimu kimoja wakitazama video ya ndege za kivita zikirushwa kutoka kwenye meli ya Marekani iitwayo Gerald R. Ford, ile manowari iliyoingia kazini mwaka 2017. Zamani meli za namna hiyo zilizirusha ndege kwa nguvu ya mvuke. Hii inatumia sumaku ya umeme. Njia yenyewe haifiki hata urefu wa uwanja wa mpira, kama mita 90 tu, lakini ndege inatoka pale ikiwa na kasi ya kilomita 240 kwa saa. Sekunde tatu hazijaisha.

"Sasa wanataka kurusha na mizigo ya angani kwa mtindo huo huo," akasema mmoja, yule ambaye kila kijiwe kinaye, anayejua kila kitu.

"Kamba hizo!"

"Si kamba. Na kama wana akili waje wafunge hapa kwetu. Mlima upo, ikweta ile pale!"

Walicheka wote. Mimi nikacheka pia, kisha nikaanza kujiuliza: jamaa kakosea wapi hasa?

Tuanze na mtambo wenyewe, maana hauna uchawi. Chukua mota ya feni ya mezani. Ndani yake mna nyaya zilizoviringwa, na umeme ukipita zinageuka kuwa sumaku na kukizungusha kile cha katikati. Sasa ipasue mota hiyo, inyooshe, ilaze chini kama mkeka wenye urefu wa kilomita kadhaa. Juu yake weka kigari. Sumaku ya mbele inawashwa inakivuta, kikifika inazimwa, inawashwa inayofuata. Kila hatua kasi inaongezeka. Kigari kikielea bila kugusa reli hakuna msuguano wa magurudumu, na hapo mchezo unanoga: Japani, tarehe 21 Aprili 2015, treni ya majaribio ya namna hiyo ilifika kilomita 603 kwa saa. Treni yetu ya umeme ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, inakwenda 160, na ile inatembea kwa magurudumu kama kawaida.

Katika miaka ya 1990 watu wa NASA waliipigia hesabu ndoto hiyo kwa upande wa roketi. Reli ya sumaku ingekisukuma chombo hadi karibu kilomita 965 kwa saa ndani ya sekunde zisizofika 10, kisha chombo kingewasha injini zake na kuendelea na safari, kigari kikabaki chini kusubiri abiria mwingine. Mwaka 1999 walijenga kipande cha majaribio cha mita 15 kule Alabama. Kigari chake kilifika kilomita 96 kwa saa kabla nusu sekunde haijaisha. Mradi haukwenda mbali zaidi ya hapo, na mpaka leo hakuna mzigo hata mmoja uliofika kwenye njia ya kuizunguka dunia kwa kusukumwa na sumaku.

Lakini kwa nini watu wazima wahangaike? Kilomita 965 si kitu. Ili kitu kibaki kinaizunguka dunia bila kuanguka kinatakiwa kiende kilomita kama 28,000 kwa saa. Huo msukumo wa sumaku ni kama mtu anayekwenda Mwanza ukampa lifti ya kutoka Posta hadi Ubungo.

Jibu nililipata njia ya Nkwenda, upande wa Kyerwa, kwenye kichochoro kimoja cha udongo mwekundu kinachoingia vijijini. Mvua ilikuwa imenyesha. Fuso lililojaa magunia ya kahawa lilikuwa limelala kwenye mwinuko, tairi za nyuma zinazunguka bure na kuwamwagia watu tope. Utingo kashika kabari ya mti, vijana kama 12 wako nyuma, mabega kwenye bodi. "Haya, moja... mbili..." Likasogea hatua moja, utingo akachomeka kabari. Tena. Mara ya nne likanyanyuka, likashika njia, na likapanda kilima chote lenyewe likiwa linaimba.

"Gari likishaanza kwenda halina shida," dereva akaniambia baadaye huku akifuta jasho. "Dizeli yangu yote inakufa pale pale lilipolala. Vijana wakinisukuma hatua tano, mimi nimeokoa lita."

Hilo ndilo lote, msomaji. Roketi ni Fuso lililolala, tena lina balaa zaidi, kwa kuwa mzigo wake mkubwa ni mafuta yake lenyewe. Inachoma mafuta ili kuyabeba mafuta ambayo itayachoma baadaye ili kuyabeba mengine. Falcon 9 ya Marekani inasimama kwenye uwanja ikiwa na tani karibu 549, na ikiwa haitarudi chini inaweza kufikisha juu kama tani 22.8. Chini ya kilo tano katika kila mia! Lingekuwa ni hilo Fuso la tani 10, basi kahawa ingekuwa magunia sita au saba hivi ya kilo 60, na karibu yote yaliyobaki ni dizeli. Mkulima wa Karagwe angelia. Ndiyo maana kila tone linaloachwa chini, kila hatua ya mwanzo inayosukumwa na kitu kilichobaki ardhini, ina thamani kuliko ukubwa wake.

Wako waliotaka sumaku ifanye kazi yote, siyo kusaidia tu. James Powell, mmoja wa wavumbuzi wa treni ya kuelea katika miaka ya 1960, alishirikiana na George Maise kuchora mtambo waliouita StarTram: handaki la kilomita 130, yaani ukitoka Dar unaipita Chalinze, lisilo na hewa ndani, linalotokeza juu ya mlima mrefu. Mzigo unatoka ukiwa na kasi ya kilomita zaidi ya 8 kwa kila sekunde. Safari nzima ndani ya handaki ni kama nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo kila kitu kinakandamizwa mara 30 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 angehisi ana tani mbili na zaidi. Kwa hiyo abiria hapana. Maji, chuma, mafuta, hata kahawa, sawa.

Na mlima huo usiwe wa mchezo. Hapa ndipo jamaa wa Omurushaka anapokwama. Hewa ya chini ni nzito, na kitu kinachotoka na kasi hiyo kitaungua kabla hakijaaga. Ukiwa Karagwe, juu ya kichwa chako bado kuna zaidi ya asilimia 80 ya hewa iliyoko juu ya ufukwe wa Coco. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, inabaki nusu. Kwa mtambo wa kurusha moja kwa moja, milima ya Karagwe ni vichuguu.

Kwa mtambo wa kusaidia tu, hata hivyo, jamaa ana hoja. Dunia inazunguka kwenda mashariki, na aliye kwenye ikweta anazungushwa kwa kasi kuliko wote: kilomita 1,670 kwa saa. Karagwe iko nyuzi moja na nusu tu kusini ya ikweta, tofauti haionekani. Yaani yule bibi anayeuza parachichi stendi ya Kayanga, amekaa kwenye gunia lake bila wasiwasi, tayari ana msukumo mkubwa kuliko ule ambao NASA walitaka kuutengeneza kwa sumaku. Kule Baikonur, Kazakhstan, wanapata kama 1,160. Sisi tunazaliwa nao, na wala hatuulipii kodi.

Nikapanda na hesabu zangu hadi Bweranyange, ulikokuwa mji wa wafalme wa Karagwe. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alimkuta hapo Rumanyika akitawala. Mahali pazuri mno, milima mbele, milima nyuma, upepo wa bure. Hazina ya wafalme wale ilikuwa chuma: mikuki, fuawe, ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa ustadi wa ajabu. Na mkoa huu mzima una historia na chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa pwani ya ziwa, Buhaya, waliyeyusha chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na kwamba siri yao ilikuwa kuipasha moto hewa ndani ya mabomba ya udongo kabla haijafika kwenye tanuri. Wataalamu wengine waliwabishia kuhusu hilo la hewa, na ubishi haujaisha. Mimi niko upande wa mafundi.

Mzee mmoja alinikaribisha kwake, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na majani ya porini ikakaushwa. Ukiikataa umemtukana mwenye nyumba. Nikatafuna, nikamweleza habari ya sumaku kuanzia mwanzo. Alisikiliza vizuri, bila kunikatiza.

"Sasa mwanangu," akasema, "hicho chombo kinapanda chote, au kuna vinavyobaki njiani?"

Nikamjibu kwamba roketi hupanda kwa vipande, shikamoo yangu bado ikiwa mdomoni. Kile cha kwanza kikimaliza mafuta kinaachwa.

"Kinamwangukia nani?"

Chukua ramani, weka rula Kayanga, chora mstari wa kwenda mashariki, maana ndiko ulipo msukumo wa bure. Unakatiza mashamba ya Wahaya, unaingia ziwani. Safi. Kilomita kama 300 unagonga Musoma. Halafu kaskazini ya Serengeti. Halafu Kenya, kusini kidogo ya Nairobi yenye mamilioni ya watu. Bahari ya Hindi unaikuta baada ya kilomita zaidi ya 1,000. Kipande cha roketi kinaanguka mamia ya kilomita kutoka kilikoondokea. Ama kwa wavuvi wa sangara, ama kwa nyumbu, ama kwenye paa la mtu. Mzee wa Bweranyange alimaliza kazi ya kamati nzima kwa maneno mawili.

Waitaliano walilijua hilo mapema. Ndiyo maana jukwaa lao la San Marco walilisimamisha baharini, karibu na Malindi, Kenya, mashariki kukiwa na maji matupu. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Wamarekani walirushiwa pale pale chombo cha kuchunguza miale ya eksirei angani, wakakiita Uhuru. Kilikuwa na kilo 140 hivi, na roketi iliyokibeba ilikuwa na tani zaidi ya 15. Umeziona hesabu za Fuso? Setilaiti ya mwisho kutoka Malindi iliondoka Machi 1988, na tangu hapo jukwaa limekaa likitazama maji. Kenya ilipopata setilaiti yake Taifa-1, mwezi Aprili 2023, iliipeleka kurushiwa California. Usikasirike haraka: Taifa-1 ilirushwa ili izunguke kupitia juu ya ncha za dunia, na kwa njia hiyo msukumo wa ikweta hausaidii kitu. Lakini picha yenyewe inauma kidogo.

Na waliokwenda kurushia nchi kavu tunawajua. Zaire ya Mobutu iliikodisha kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, zaidi ya mara mbili ya mkoa wote wa Kagera. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, Rais mwenyewe akiwa ameketi anatazama, iliharibika na kuanguka. Mwaka uliofuata kampuni ikaambiwa ifungashe. Ardhi ya ukubwa ule, na mavuno ni moshi. Karagwe si pori la kumgawia mtu namna hiyo. Kila kipande cha kilima kina migomba, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage, na katikati kuna kaburi la babu.

Basi nikashuka Kyerwa. Wilaya hii ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na watu wake watakurekebisha upesi sana ukiendelea kuwaita wa Karagwe. Hapa ardhini kuna bati. Si hilo la kuezekea, ni madini yenyewe, wanayoyachimba tangu enzi ya mkoloni. Mama mmoja aliyekuwa akiosha mchanga kwenye karai alinipa kijiwe cheusi nishike. Kidogo kama punje ya njugu, lakini mkono unakihisi.

"Kinakwenda wapi hiki, mama?"

"Kwa mnunuzi. Akishachukua, mimi sijui tena."

Ninachojua ni kwamba bati ndilo linalotengeneza ule waya laini wa rangi ya fedha ambao fundi redio anauyeyusha kwa pasi yake ya kulehemu. Hakuna redio, simu wala setilaiti inayoungwa bila huo. Uganda, ng'ambo ya mto tu hapo, ilirushiwa setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, tarehe 7 Novemba 2022, ikiwa ndogo ya kubebeka mkononi. Kila kiungo ndani yake kimeshikwa na bati la mahali fulani. Mimi naomba liwe la Kyerwa, na hakuna wa kunizuia kuomba.

Safari yangu iliishia Murongo, mpakani. Mto Kagera unapita hapo kwa hasira, na ng'ambo ni Kikagati ya Uganda. Katikati yao kuna mtambo wa umeme wa maji. Wa kwanza ulijengwa enzi ya mkoloni kwa ajili ya migodi ya bati, ukaharibiwa katika vita vya 1979. Huu mpya hauzidi megawati 16, na kwa makubaliano umeme wake ni wa kugawana nchi mbili.

Nikatoa kalamu kwenye ukingo wa mto. Chombo cha tani 100, kikisukumwa hadi kilomita 965 kwa saa, kinataka umeme kiasi gani? Ukiacha unaopotea njiani, ni yuniti kama 1,000. Ndiyo, yuniti hizi hizi za LUKU! Nyumba yenye friji, feni na pasi inaweza kuzimaliza kwa miezi michache. Tatizo ni kwamba sumaku inazitaka zote ndani ya sekunde 10, na kwa sekunde hizo ungehitaji mitambo zaidi ya 20 kama huu wa Murongo. Kwa hiyo unaweka akiba kwanza: manowari ile ya Wamarekani inazungusha magurudumu mazito kwa kasi, kisha inayanyang'anya nguvu kwa mpigo mmoja. Kwa akiba ya namna hiyo, mto huu peke yake ungeujaza mtambo mzima kwa dakika nne kasoro.

Nikamwonyesha hesabu kijana wa bodaboda aliyenileta. Akaisoma mara mbili, akatazama maji, akatazama nyaya zinazopanda kilima.

"Dakika nne, kaka?"

"Dakika nne kasoro."

"Basi wangeanza na kwetu kule juu," akasema huku akipiga stata. "Nguzo zimesimama, waya bado."